Kupiga Mswaki Nyumbani kwa Mama Mkwe

Siku ya kwanza kwa daktari wa meno nilikuwa na miaka arobaini na moja, na siku hiyo ndio nilijua mdomo wangu umekuwa ukinuka miaka yote na hakuna mtu aliwahi kuniambia. Si bibi yangu, si madereva, si pasta ambaye huniombea amenishika kichwa, pua yake hapa na mdomo wangu hapa. Wote walinyamaza. Ukiishi na watu wazuri hivyo, unaweza kuoza ukisifiwa.

Nilijuaje? Daktari alichokonoa nyuma ya meno yangu ya chini na kachuma kama ndoano, akatoa kitu ngumu, ya kijivu, saizi ya punje ya mtama, akaiweka kwa karatasi nyeupe.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Ni wewe, mzee," akasema.

Nikainama, nikanusa. Mimi ni fundi wa pancha hapa Kambu, barabara ya Mombasa. Nimewahi kutoa panya ndani ya tairi iliyolala juani wiki mbili. Hiyo panya ilikuwa na heshima.

Sikuenda kutafuta urembo. Uso wangu tulishapatana nao zamani, kila mtu anaenda njia yake. Shida ni kwamba meno ya juu yalikuwa yameinama ndani na kushuka kama pazia. Nikifunga mdomo, ya chini yanapotea kabisa, na ncha za ya juu zinakwaruza ufizi wa chini. Kila nikila muthokoi naona damu kidogo kwa kijiko. Nilidhani ni kawaida. Nilidhani kila mtu akitafuna mahindi na maharagwe anajitafuna kidogo pia.

Daktari alikuwa msichana mdogo, anakuja Kibwezi mara moja kwa mwezi, kwa kliniki moja juu ya duka la mbegu. Alishika meno yangu manne ya chini ya mbele na vidole viwili, akayatingisha moja moja vile mimi hutingisha nati ya gurudumu. Yote yalicheza.

"Hakuna ufizi wa kuyashika," akasema. "Tukiinua ya juu na waya, haya manne yanaweza kupona. Tukiacha, yataanguka."

Hapo nilinyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza. Baba yangu alipoteza yake manne vile vile. Alikuwa mtu wa vichekesho, soko nzima inamngoja. Yalipoanguka akaanza kufunika mdomo na mkono akicheka. Halafu akaacha kucheka. Halafu akaacha kwenda soko. Miaka yake ya mwisho alikaa nyuma ya nyumba akikunywa uji, na ukimsalimia anainua mkono tu. Mimi sina kitu ingine ya kurithisha watu isipokuwa mdomo. Shule tuliachana kidato cha pili na hakuna mwenye alilia. Nikauza fahali yangu, nikarudi Kibwezi.

"Lakini sikia," daktari akaniambia kabla hajaanza. "Waya kwa mdomo mchafu inamaliza ufizi haraka kuliko hata kuacha. Kila ukila unasafisha. Kila ukila, mzee. Nikikuta uchafu natoa waya, na nikitoa, sahau hayo manne."

"Daktari, mimi ni mtu safi."

Akaangalia ile karatasi yenye punje yangu.

Sasa wacha niwaambie kuhusu huo usafi. Kwanza, ili meno yapimwe, unajaziwa mdomo na kitu kama unga wa ugali ambao haujaiva, ya rangi ya waridi, inateleza mpaka kooni, na unaambiwa upumue na pua. Mate yanatiririka kwa kidevu, yanaingia kwa kola. Nilitapika kidogo, kidogo tu, nikameza, halafu nikaona daktari ameona nikimeza. Halafu wakagundisha vichuma, kimoja kwa kila jino, waya ikapita katikati, na kila kichuma kikafungwa na karaba kadogo kama pete. Karaba kalikuwa keupe. Baada ya wiki moja ya mchuzi kalikuwa rangi ya usaha.

Na chakula! Sukuma wiki inajifunga kwa waya kama kamba ya mbuzi kwa mti. Ganda la maharagwe linajificha nyuma, unalipata kesho yake limekuwa laini, limekuwa na maoni yake. Siku moja nilitoa unyuzi wa nyama na kile kiburashi kidogo walinipa, nikahesabu siku nilikula nyama mwisho, nikaenda nyuma ya kibanda nikakaa chini. Zamani sikujua. Zamani vitu vilioza huko ndani kwa amani. Sasa najua, na mbaya zaidi nimeanza kuona za wengine. Mteja akiniambia "fundi, weka upepo," mimi naona ile utando ya njano kwa meno yake, naona jana yake yote.

Dereva mmoja wa lori za mifugo, Msomali wa Garissa, rafiki yangu wa miaka, alisimama mbele yangu akaniangalia sana.

"Warya, fundi. Nani amekuwekea seng'enge?"

"Daktari."

"Mbuzi yangu haina seng'enge na haijawahi kutoroka. Wewe mdomo yako ilikuwa inaenda wapi?"

Nikacheka. Kitu ikaruka kutoka kwa waya ikatua kwa mkono wake. Punje ya wali. Yeye ni muungwana, aliitoa polepole, akaenda kunawa hadi kwa kiwiko.

Mwezi wa tatu wa waya, daktari alipata ufizi umefura. Akaniambia mara moja tu, bila kupaza sauti: "Nakupa mwezi mmoja. Ukirudi hivi, waya inatoka."

Nikarudi nyumbani nikawa kama askari. Kila nikila, nasafisha. Wiki tatu nzima. Damu ikapungua. Manne yangu yakaanza kusimama imara kidogo, au nilijidanganya. Halafu ikaja ntheo ya shemeji.

Kama wewe si Mkamba: ntheo ni zile mbuzi watu wa kijana wanaleta kwa kina msichana, na bila hizo hata mkiishi na watoto kumi hamjaoana. Dada mdogo wa bibi yangu alikuwa analetewa zake huko kwao, Kitui, upande wa Mutomo. Mimi ndiye mkwe wa kwanza wa hiyo boma. Lazima niende siku tatu, nipasue kuni, nichinje, nisimame pale nionekane.

Shida ni mama mkwe. Huyo mama ni mtu wa kanisa, mstari wa mbele kwa kwaya, lakini nthoni hajaacha. Nthoni ndiyo ile aibu ya heshima kati ya mtu na mama mkwe wake. Simpi mkono. Sikai karibu na yeye. Silali nyumba yake. Tukipatana kwa njia, mmoja wetu anaingia kichakani. Miaka kumi na sita, hajawahi kuona ndani ya mdomo wangu, na mimi sijawahi kumwona akitafuna. Na maji ya hiyo boma yako mahali moja tu: kwa tangi, hatua tatu kutoka mlango wa jikoni yake, na jikoni ndio anakaa mchana kutwa.

Sasa niambie. Nisimame hapo, mtu mzima, nipanue mdomo wenye seng'enge, niteme?

Siku ya kwanza nilikula isyo, mahindi na maharagwe mazima, nikajiambia nitasafisha usiku. Usiku tukalala wanaume sita kwa chumba kimoja cha ndugu ya bibi yangu na maji hakuna. Siku ya pili mbuzi zikaja, tukachinja, tukachoma, na nyama ya ntheo haikataliwi, kuikataa ni kukataa watu. Nikala mbavu, nikala utumbo, nikala mpaka mafuta yakaganda kwa waya. Nikipitisha ulimi nahisi nywele. Sikuongea na wageni. Mimi! Walidhani mkwe wa kwanza ni mtu wa maringo. Wenye walinikaribia waligeuza uso upande, na mimi pia ningeugeuza wangu kama ningejua pa kuupeleka. Nikagusa moja ya yale manne na ulimi, ikacheza. Kweli ilicheza.

Asubuhi ya tatu, giza giza, nikachota maji kwa kikombe kabla mtu hajaamka, nikaenda nyuma ya choo na mswaki wangu. Nikapiga dawa nyingi. Nikasugua. Ooh, ilitoka! Povu lilikuwa la pinki na kahawia, na vipande vikitembea ndani, siku mbili za sherehe zimerudi kuaga. Mdomo ukajaa. Nikainua kichwa niteme.

Mama mkwe amesimama kwa njia ya choo, leso begani, mita nne.

Sikutema. Hata dini haingenifundisha kutema mbele ya mama mkwe. Nilimeza. Nilimeza lote, na vipande, na damu, na utumbo wa jana, kooni lilisimama kidogo kama watu wanasukumana kwa mlango, halafu likashuka. Machozi yakatoka. Povu lingine likatokea puani.

Mama akageuka haraka, akaangalia ua. Akaongea na huo ua, kwa sababu na mimi hawezi.

"Huyu mtu anakufa?"

"Hapana, mama," nikaambia ukuta wa choo.

"Amekula sumu ya hawa watu walioleta mbuzi?"

"Ni dawa ya meno, mama."

"Sasa mbona anaikula?"

Nikaenda nyuma zaidi, na huko yote yakarudi, na kurudi kulikuwa mbaya kuliko kwenda. Sitaki kuelezea. Waya ilizuia vikubwa.

Bibi yangu alinipata nimechuchumaa. Nilimwambia. Badala ya kunihurumia alishika mti akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba watoto! Siku mbili umekaa na hiyo kitu kwa mdomo? Ndiyo maana usiku shemeji zako walifungua dirisha!"

"Nifanye nini? Tangi iko kwa mlango wa mama yako."

"Si ungeniambia nikuletee maji!"

Sikuwa nimefikiria hiyo. Wallahi sikuwa nimefikiria. Ndio nikamwambia pia yale mengine, maneno ya daktari, kwamba mwezi unaisha Jumatano na haya manne yatanipita kama yalivyompita baba. Akaacha kucheka. Alimjua baba yangu akiwa wa kuinua mkono tu.

Akaenda jikoni. Nilisikia sauti mbili, halafu akatoka.

"Mama anasema uende kwa tangi. Usafishe vizuri, hata saa nzima. Yeye ataangalia ndani."

"Aniangalie mimi?"

"Ataangalia ukuta, wewe! Anasema yeye amebakisha meno matano na hakuna mtu alimpa mwezi mmoja."

Nikaenda. Mama alikaa mlangoni, mgongo kwangu, kichwa kimefunikwa na leso. Nikafungua maji. Nikasugua, nikachokonoa na kiburashi, nikatema kwa mfereji mbele ya kuku, na kuku walikuja, na walikula, na sitakula kuku wa hiyo boma tena. Ilichukua muda. Kila nikisukutua, sauti inatoka kama ng'ombe kwa kisima. Mgongo wa mama ulitetemeka. Sijui ni kinyaa au ni kicheko, na kwa nthoni siwezi kuuliza. Mara moja akaambia ukuta, "Uii, bado?" Nikaambia mfereji, "Bado kidogo, mama." Nilisafisha hivyo mara tatu siku hiyo, na mara tatu alikaa vile vile.

Jumatano nikawa kwa kiti Kibwezi. Daktari akaingiza kioo. Msaidizi wake akavuta barakoa juu zaidi. Ile ndoano ikaingia chini ya ufizi wa mbele, ikatoka na unyuzi wa mbuzi, mweusi, urefu wa kucha. Chumba kizima kilijua.

"Mzee," akasema. "Ulikuwa wapi?"

"Kwa wakwe."

Hakucheka. Akashika manne moja moja, kwa vidole viwili. Ya kwanza ikakaa. Ya pili ikakaa. Ya tatu ikacheza, nikaona kwa macho yake kabla sijahisi. Ya nne ikakaa.

"Hii moja inaenda," akasema. "Tatu zinabaki. Waya inabaki."

Akaing'oa hapo hapo. Ilitoka bila kelele, kama mbegu ya tikiti iliyoiva sana, na mzizi wake ulikuwa umevaa kitu ya kijani. Daktari akauliza kama naitaka. Nikasema hapana, tafadhali, itupeni mbali. Nikatema damu kwa bakuli, nikafunga mdomo, nikasikia meno ya juu yamekaa juu ya yale matatu yaliyobaki na kaupepo kanapita katikati.

"Sema kitu tuone," daktari akasema.

Nikamwambia asiniite mzee. Mate yakamrukia kwa miwani.