Kigoda cha Keziah

Ni mimi niliyeusogeza mshumaa. Nalisema mapema, nisije nikaonekana mwema.

Majira ya baridi, sisi wasuka lesi tulikusanyika kwa Bi Lovell ili tuwashe mshumaa mmoja tu. Uliwekwa katikati, chupa za maji zikauzunguka, kila chupa ikatupa mwanga kwenye mito yetu ya kusukia. Mafundi hodari walikaa karibu, juu ya vigoda virefu. Hao tuliwaita mwanga wa kwanza, na lesi nyembamba zilikuwa zao. Mimi nilikuwa mwanga wa pili. Miaka tisa nikitazama mgongo wa Keziah Odell!

Macho ya Bi Keziah yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Alipapasa shanga za vijiti vyake vya nyuzi kabla ya kuvipishanisha, na pini alizitafuta kwa kidole gumba. Hakumwambia mtu. Akijulikana, angeshushwa mwanga wa tatu, asuke lesi nene za foronya mpaka kufa. Nami sikuwa na raha. Anaona? Haoni? Swali hilo nililala nalo, nikaamka nalo.

Ikafika sikukuu yetu, siku ya Mtakatifu Katherina. Alasiri tukala keki za kisibiti, kisha tukaanza kuruka mshumaa uliowekwa sakafuni. Ukikuzimikia, mwaka wako umeharibika.

"Ruka basi, Bi Keziah, au magoti yameota kutu?" Thirza, mdogo wetu, alimchokoza.

"We Thirza! Magoti haya yalikuwa yanaruka mama yako hajaposwa!"

Alipogeuka kumjibu, wote wakiwatazama wao wawili, nikausukuma mshumaa kwa mguu, hatua mbili pembeni. Nilitaka kujua tu. Ndivyo nilivyojiambia.

Akakusanya sketi, akaruka. Akaruka sakafu tupu.

"Umezimika?" akauliza, anacheka.

Kisha Thirza akaropoka: "Jamani, kumbe ni sandiblaindi!"

Kwa Kiingereza chetu sandi ni mchanga, blaindi ni kipofu. Vijana walidhani mtu wa namna hiyo huiona dunia kana kwamba kamwagiwa mchanga machoni.

"Sema vizuri, mtoto," Keziah alisema. "Bibi yangu alisema samblaindi. Sam ni nusu, neno la wazee hilo. Nyie mmelisahau, mkatia mchanga wenu. Nusu kipofu, ndiyo. Nusu iliyobaki inanitosha."

"Nusu haitoshi kwa lesi hiyo ya harusi unayoisuka, Keziah," alisema Bi Lovell, bila ukali. "Hepziba, panda wewe."

Keziah hakungoja kushikwa mkono. Alipapasa ukuta hadi kwenye kigoda kifupi kuliko vyote, akakaa.

Nikapanda. Mto wake nikapewa mimi, na ile lesi ya harusi imefika nusu, niimalizie. Chupa ilimulika vizuri mno. Nikainama kutafuta kosa lake, hata uzi mmoja uliovuka vibaya, moyo utulie. Nilikagua ua kwa ua, pini kwa pini, mpaka Bi Lovell akaniuliza kama nami macho yananisumbua.

Sikupata hata moja.