Aliyeifuata Damu Yetu

Kwetu, kitu cha mtu aliyekufa hakishikwi. Nguo zake huenda naye, tandiko la farasi wake huvunjwa, na jina lake huachwa kutajwa. Akifia ndani ya nyumba, ukuta wa kaskazini hutobolewa atolewe hapo, kisha nyumba yenyewe huachiwa upepo. Earlene Bitsilly aliishika amri hii maisha yake yote, akaivunja mara moja, mchana kweupe, akijua anachofanya. Naandika habari zake kwa sababu nimechoka kusikia watu wanaomsifu mkutanoni na kumkwepa dukani.

Alikuwa mfumaji wa mazulia, mjane, mfugaji wa kondoo, na mjumbe wa kamati ya utafiti ya kata yetu ya Chemchemi ya Kunguru. Kamati hiyo ndiyo mlango. Mtu wa chuo hamuulizi mtu swali, hachukui tone la damu, wala haandiki mstari juu yetu mpaka kamati imruhusu. Earlene alipigiwa kura kwa sababu hakuwa na mdomo wa asali.

Lakini sisi Wadine, wenyeji wa nchi hii tangu kabla ya wazungu kuja, hatukumjua kwanza kwa kamati. Tulimjua kwa mikono yake. Msichana wetu akivunja ungo, hulazwa kifudifudi juu ya mablanketi, na mwanamke aliyechaguliwa na familia humkanda mwili wote, kuanzia mabegani hadi miguuni. Siku hizo mwili wa msichana ni laini kama udongo mbichi, na tabia ya anayemkanda humwingia. Kwa hiyo hachaguliwi mvivu, wala msengenyaji, wala mlevi, wala mtu aliyeshika vya wafu. Nusu ya wanawake wa bonde letu walipita mikononi mwa Earlene. Mke wangu ni mmoja wao. Na wakati wa mambo haya mjukuu wake, Shundiin, alikuwa amekaribia umri, naye bibi yake alikuwa amekwisha kufuma mshipi atakaomfungia siku hiyo.

Sasa habari ya damu. Miaka mingi nyuma, kabla hatujawa na kamati, watu wa chuo kikubwa cha kusini walikuja kuchunguza kisukari. Kisukari kwetu hakihitaji kutambulishwa. Kila familia ina kiti cha magurudumu. Watu walijipanga kwenye nyumba ya mikutano, wakanyoosha mikono, wakala mchuzi wa kondoo na mkate wa kukaanga, wakarudi makwao. Baadaye tukasikia kwamba damu ile ile, bila ya mtu yeyote kuulizwa, ilikuwa imetumika kutafuta asili ya ulevi. Iliandikwa na kutangazwa kwamba bonde letu lina ulevi ndani ya damu. Kijana wetu mmoja alipokwenda mjini kuomba kazi ya udereva, mwenye magari alimuuliza kama na yeye ametoka kwenye lile bonde. Wengi waliotoa damu hiyo hawakuwahi kuonja pombe.

Kamati ikadai kila kitu kirudi. Chuo kilikataa, kikazungukazunguka, kikaleta mawakili, na mwisho kikakubali kwa sharti moja. Sharti hilo Harrison Manygoats, mwenyekiti wetu, alikuja kulisema mkutanoni huku akiitazama kofia yake.

"Wanataka mjumbe wa kamati aende mwenyewe," alisema. "Atoe vichupa kwenye jokofu kwa mkono wake, atie sahihi, aondoke navyo. Tusipofika kabla ya mwezi huu kwisha, watahesabu kwamba tumeviacha, na vitabaki kuwa vyao."

"Si wampe tu mtu wa mizigo alete?" mama mmoja aliuliza.

"Nimewaomba hivyo. Wanasema lazima awe mtu wetu."

"Wavichome basi huko huko."

"Na nani atatuambia kwamba wamevichoma? Wao?"

Wilson Greyeyes, binamu yake Earlene na mtani wa kila mtu, akainua mkono. "Tumtume mwenyekiti. Si ndiye mwenye mshahara wa posho?"

"Mimi?" Harrison akasema. "Aende Wilson, aliyehama nyumba kwa sababu bundi alitua kwenye bomba la jiko."

"Yule bundi alinitazama vibaya."

"Kila mtu anakutazama vibaya, Wilson."

Watu walicheka, kisha kicheko kikaisha, maana kila mtu alijua tunachochekea. Wenye damu hiyo, wengi wao, walikuwa wamekufa. Ile haikuwa tena damu ya kisukari. Ilikuwa maiti iliyogawanywa katika vichupa.

"Kuna jambo jingine," Harrison akasema. "Nilimweleza yule daktari mkubwa wao, Whitcomb, kwamba wenyewe wengi hawapo, na kwamba sisi hatushiki vya wafu. Akanijibu kwa upole kabisa. Akasema, 'Tunafahamu. Tuna mtaalamu wa mila zenu hapa.'"

Earlene alikuwa amekaa nyuma, karibu na birika la kahawa. "Rudia alivyosema."

Harrison akarudia.

"Kwa hiyo walijua."

"Walijua, mama mdogo."

"Walitusoma wakajua tunaogopa nini, halafu wakaweka mali yetu nyuma ya hicho tunachoogopa." Akasimama. "Nitakwenda mimi."

Hakuna aliyemzuia, na hilo nalisema kwa aibu ya kata nzima, mimi nikiwemo. Kulikuwa na wanaume wazima mle ndani, wengine waliokwenda vitani nchi za mbali na kurudi na nishani, na wote tulitazama sakafu. Tulifurahi kwamba si sisi.

Nje, Wilson alimfuata hadi kwenye gari. Nilikuwa jirani pale, nikikaza nyaya za betri ya pikapu yangu.

"Binamu, una wazimu. Mikono hiyo ni ya wasichana. Ukishika vile vichupa, nani atakuletea mtoto wake tena?"

"Sijui."

"Na Shundiin je?"

"Shundiin nitamkanda nimtie nini, Wilson? Nimfundishe kwamba mtu akishajua unachoogopa, achukue kila kitu chako nawe utazame chini?"

Wilson akajikuna shingo. "Basi vaa glavu. Vaa mbili mbili."

"Mzimu anazijua glavu?"

"Sijui. Hujawahi kumuuliza? Wewe ndiye mkubwa." Akafungua mlango wa gari lake. "Nitakupeleka. Lakini geti la chuo sivuki, na hilo sanduku litakaa nyuma, sio huku mbele na sisi."

Binti yake Earlene, Sherilyn, mama yake Shundiin, alijaribu kwa njia nyingine. Alimkuta kwenye zizi siku iliyofuata na kumwomba asubiri tu. Shundiin alikuwa anakaribia. Wiki chache, pengine miezi. Afanyiwe sherehe yake kwanza, kisha mama aende anakotaka.

"Mwezi unakwisha, mwanangu."

"Kwani kamati nzima hakuna mwingine?"

"Ulikuwepo. Ulimwona mwingine?"

Sherilyn alibeba ndoo ya maji mpaka kwenye hodhi, akaimwaga, akaondoka bila kuaga.

Chuoni walimpokea vizuri mno. Daktari Whitcomb alikuwa mzee mwenye sauti laini na tai ya kamba yenye jiwe letu la buluu la feruzi, ya kununuliwa. Alimpa kiti, akampa maji, akamwambia anatambua ugumu wa safari ile kwa mtu wa imani yake. Kisha akasukuma karatasi mbele yake. Ilisema kwamba kata inakiomba chuo kiendelee kuitunza damu hiyo kwa heshima zote.

"Hulazimiki kushika chochote, Mama Bitsilly. Sahihi tu, na urudi nyumbani ukiwa kama ulivyokuja."

"Jokofu liko wapi?" Earlene aliuliza.

Habari za mle ndani alizitoa yeye mwenyewe kwa kamati, mara moja, na hakuzirudia. Vichupa vilikuwa na majina. Karani alitaka kila jina lisomwe kwa sauti, kisha Earlene aseme ndiyo. Akakataa. Alisema yeye hatataja majina yale, na yeyote atakayeyataja mbele yake, atayataja peke yake. Karani akamtazama Whitcomb, Whitcomb akatikisa kichwa kukubali. Basi alivitoa kimya, kimoja kimoja, akitazama na kuweka kwenye sanduku. Alivaa glavu. Mumewe alikuwa miongoni mwa waliojipanga siku ile ya mchuzi wa kondoo, nasi sote tulijua hivyo.

Sanduku lilipojaa na kufungwa, Whitcomb akanyoosha mkono wa kuaga.

"Na mlichokisoma?" Earlene akamuuliza.

"Samahani?"

"Ndani ya damu. Mliisoma, mkaandika kwenye kompyuta. Hicho nacho kiko wapi?"

"Hizo ni taarifa, mama. Taarifa ni kazi ya chuo. Damu ndiyo yenu."

"Ukichinja kondoo wangu ukanirudishia ngozi, umenirudishia kondoo?"

Akakaa tena kwenye kiti. Akaliweka sanduku magotini, akatandaza shali yake juu, akaagiza mwenyekiti wake apigiwe simu. Walimweleza kwamba ofisi hufungwa. Akasema zifungwe. Walimweleza kwamba wataita mlinzi. Akasema waite, ila mlinzi atalazimika kumshika yeye, na yeye ameshika wafu, kwa hiyo mlinzi aulizwe kwanza. Whitcomb akamkumbusha, bado kwa upole, kwamba kukaa na sanduku lile ni hatari kwake kwa mujibu wa mila zake mwenyewe.

"Nimekwisha kushika," Earlene alimwambia. "Nilichokuwa nacho cha kupoteza nimekipoteza tangu pale kwenye jokofu. Sasa huna cha kunitisha nacho, wala mimi sina haraka."

Hapo ndipo elimu ya yule mtaalamu wa mila zetu ilipoishia. Alikuwa amewaambia tunaogopa nini. Hakuwaambia mtu wetu huwaje akishavuka. Harrison alipigiwa, akampigia wakili wetu, wakili akawapigia wakubwa wa chuo, na wakubwa wakaanza kufikiria magazeti: bibi mwenye shali, ukumbini kwao, na damu ya watu wake magotini. Kabla jua halijashuka ilitiwa sahihi kwamba kila kilichosomwa kwenye damu ile kitahamishiwa kwa kamati, kwamba chuo hakitabaki na nakala, na kwamba yeyote atakayekitaka ataomba kwetu. Wameshaomba mara kadhaa tangu hapo. Wengine tumewakubalia, wa kisukari. Wengine hapana. Wote huja na kukaa kwenye viti vyetu vya chuma na kungoja jibu, kama inavyopasa.

Wilson alimsubiri nje ya geti, kama alivyosema. Sanduku lilikaa nyuma. Alinisimulia kwamba njiani alipojaribu utani mmoja, ulimkauka mdomoni. Alimshusha mahali ambapo barabara ya mchanga inaishia, chini ya majabali. Earlene alipanda peke yake na sanduku. Alilizika kwenye ufa wa mwamba, akaziba kwa mawe, akafuta nyayo zake kwa tawi, akarudi kwa njia nyingine bila kutazama nyuma, kama walivyofanya wazee waliolazimika kuzika. Alikaa kando na watu siku nne. Mwimbaji wa tiba akaja, akaimba, akamfukiza, akamwosha, akamtangaza kuwa safi.

Kwa hiyo kwa mila alikuwa safi. Hili nataka lisomwe taratibu na kila mtu wa bonde letu. Mila yetu ina amri, na ina njia ya kumrudisha aliyelazimika kuivuka. Wazee hawakuwa wajinga. Kilichobaki baada ya sherehe ile hakikuwa mila tena. Kilikuwa woga wetu sisi, uliovalishwa nguo za mila ili uonekane na heshima. Mkutanoni tulimpigia makofi, Harrison akampa blanketi zuri la sufu. Wiki hiyo hiyo familia moja iliyokuwa imemwomba amkande binti yao ilituma ujumbe kwamba mipango imebadilika.

Shundiin alivunja ungo wakati wa kunyoa kondoo. Sherilyn alikuja kwa mama yake, akasimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Mama, sio mimi. Watu wa upande wa baba yake wanasema…"

"Wanasema nini?"

"Unajua wanachosema."

"Nataka nikisikie kwako."

"Wanasema yeye ni mtoto, mama. Kwamba usafi wako tusiujaribu kwa mtoto."

"Na wewe unasemaje?"

Sherilyn akazitazama funguo. "Nimemwomba mwalimu wa darasa lake."

"Ni mwanamke mzuri," Earlene akasema. "Huamka mapema." Akaingia ndani, akautoa ule mshipi aliofuma, akampa. "Amfunge kwa huu. Bado haujatumika."

Siku ya sherehe alipewa kazi ya kuni, kwa ajili ya shimo la kuokea keki kubwa ya mahindi. Alipasua kuni za mreteni tangu asubuhi, uso juu, na kila aliyempita bila kumsalimu alimwita kwa jina mpaka akamsalimu. Mimi aliniita. Shundiin alipotoka mbio kuelekea mashariki, kama wasichana wanavyokimbia siku hiyo, bibi yake alisimamisha shoka na kumtazama mpaka akapotea nyuma ya kilima.

Damu yetu ilirudi, na kilichoandikwa kutokana nayo kiko mikononi mwetu. Earlene Bitsilly hajamkanda msichana yeyote tangu mwaka ule, na mjukuu wake alikandwa na mtu mwingine.