Ndiva Nyuma ya Nyumba

Nyumbani kwetu Same maji hayakumwagwa kabla ya kufanya kazi tatu. Tuliyooshea mboga tulioshea vyombo, ya vyombo tukanawia miguu, na ya miguu yakaenda kwenye mgomba mmoja ambao mama aliuteremsha kutoka milimani ukiwa chipukizi. Mgomba wenyewe haukuwahi kuzaa. Nilikuwa naucheka kimoyomoyo.

Baba alikuwa kibarua wa reli. Kila mwaka nyumba ziliongezeka, bomba likabaki lile lile moja, na kabla jua halijachomoza foleni ya madebe ilishazunguka kona. Mama akachoka. Akatamka mbele yetu kwamba kiangazi kingine hakimkuti pale; angerudi kwao milimani.

Baba aliogopa, nilimwona. Akachimba ndiva nyuma ya nyumba, bwawa la udongo kama yale ya milimani, yanayojazwa na kijito usiku na kufunguliwa asubuhi yanyweshe mashamba. Sisi hatukuwa na kijito, tulikuwa na mawingu tu. Tulikanyaga udongo wa mfinyanzi mpaka visigino vikapasuka. Mvua ikanyesha mara mbili, ndiva ikajaa, na mama akaimba. Sikumsikia akiimba tena.

Maji yale tuliyabania vibaya sana. Juma la tatu akaja bwana afya, kijana nadhifu mwenye kopo la mafuta mkononi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Akachota kidogo, akamwonyesha viluwiluwi.

“Haya yanazaa mbu, mama. Sheria ya mji hairuhusu.”

“Tutayamaliza wiki hii, mwanangu. Tuachie.”

Akamimina mafuta ndiva nzima kuua viluwiluwi, maji yasifae tena, kwa adabu ile ile.

Nilimchukia, na bado namchukia. Lakini kosa lilikuwa letu pia. Milimani ndiva hufunguliwa kila asubuhi, maji hayakai yakaoza. Sisi tuliyalaza majuma matatu kwa ubahili, na baba, aliyekulia kando ya ndiva, hakuliwaza hilo.

Mama hakugombana na mtu. Kesho yake alimfunga mdogo wangu mgongoni, akashika njia ya mlimani. Mimi binti mkubwa niliachwa nimpikie baba. Jioni ile niliosha vyombo kwa maji ya mboga, nikanawa miguu kwa maji ya vyombo, nikayabeba yaliyosalia hadi kwenye mgomba. Hakuna aliyeniamuru.