Nguzo ya Farasi ya Maappa

Jirani yangu Maappa ni mkaidi kuliko farasi wake. Namwambia hivyo usoni, naye hucheka.

Huku kwetu kwenye baridi kali, barafu iliyoganda ardhini tangu zamani chini ya mtaa wetu inayeyuka, ardhi inadidimia. Binti yake, Kunney, kazi yake mjini ni kulinganisha picha za rada za setilaiti, za mwaka huu na za mwaka jana, aone wapi ardhi imeshuka. Palipotulia huwa kijani, panapozama pekundu. Juni akaja na picha ya kijiji. Ua wa mama yake ulikuwa mwekundu pyu.

"Mama, hama. Mwenyekiti wa kijiji amekupa chumba kwenye ghorofa jipya."

"Nikanyagwe kichwani na watu nisiowajua? Thubutu!"

"Nyumba imepinda, mama!"

"Hata mimi nimepinda. Mbona hujanihamisha?"

Akamwonyesha nguzo ya kufungia farasi, aliyoisimika marehemu mumewe, Jegor, siku ya harusi yao. Kwetu nguzo hiyo haing'olewi, huachwa mpaka ianguke yenyewe. "Ikianguka, naondoka. Kabla ya hapo usinisumbue."

Wiki iliyofuata nikamkuta anaiegemeza kwa magogo.

"We bibi, huoni haya?"

"Kuing'oa ni mwiko. Kuiegemeza kakataza nani?"

Nikamshikia gogo.

Agosti, Kunney amekuja kusaidia kukata nyasi za farasi, tukaamka nguzo iko chini, pamoja na magogo yake. Maappa alikaa kando yake akalia kwa sauti. Nami nililia, Jegor alikuwa mtu wetu. Mara mwenyekiti wa kijiji huyo, na lori, uso umemchanua.

"Haya mama, uliahidi!"

Maappa akajifuta kamasi. "Niliahidi kuondoka. Ghorofa lako nililitaja saa ngapi?" Akamgeukia binti yake. "Toa hiyo picha. Nitafutie kijani karibu na ziwa la bibi yako."

Kunney akatafuta. Kilikuwepo, kwenye mwinuko wa mchanga juu ya ziwa.

Tuliibomoa nyumba gogo kwa gogo, tukayatia alama tusije tukayachanganya, tukapakia kwenye lori lile lile, mwenyekiti ananung'unika. Nguzo ya Jegor tuliiacha ilale ilipolala.

Kule mwinukoni, kabla ya kuta, Maappa alitaka shimo la nguzo mpya. Akampa Kunney sururu.

"Chimba vizuri. Hii wewe ndiye utakayeingojea ianguke."