Nyimbo za Mapasa Kwenye Chemchemi

Nilikuwa bado mtoto, wa umri wa kutumwa maji na kurudi na nusu ndoo, wakati mabomba ya kambi yetu pale Kolwezi yalipokohoa mara ya mwisho na kunyamaza. Kampuni ya migodi iliyowaajiri wazazi wetu ilikuwa imeanguka. Mishahara ilikatika kwanza, kisha umeme, kisha maji. Sisi watoto wa wafanyakazi, tuliozoea kufungua robine, koki ya maji, jikoni, tukajifunza kushuka bondeni na vidumu hadi kwenye chemchemi ambayo wazazi wetu walikuwa wameisahau.

Nkambo wangu, mama mzazi wa baba, hakuwa ameisahau. Aliletwa Kolwezi akiwa bibi-arusi kutoka kaskazini mwa Katanga, na alichota pale kabla mabomba hayajafika. Ndiye aliyetupa miiko yake. Usitumbukize sufuria yenye masizi. Sabuni ikae mbali, kule chini. Miti inayozunguka jicho la maji isiguswe, maana mwenye maji amelala kivulini. Na mmoja ulionishangaza kuliko yote: "Maji haipendi batu wenye kufukuzana. Ukimufukuza mutu mulichota naye, maji inamufuata."

Watu walicheka. Njaa haina muda wa miiko. Miti ikawa makala, nguo zikafuliwa juu kabisa ya jicho. Kisha ikaja ile miezi ambayo vijana walipita mlango kwa mlango wakiwaamuru wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, warudi "kwao", hata wale waliozaliwa Kolwezi. Jirani yetu Mama Mbuyi, aliyekuwa na pacha wachanga, Mbuyi na Kabanga, alifunga mafurushi akaenda na mumewe kungoja treni kituoni, pamoja na umati wa wenzao.

Haukupita muda, mwishoni mwa kiangazi, chemchemi ikafumba jicho. Palibaki tope lenye povu la sabuni. Wanawake walisimama na ndoo tupu wakitazamana, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Sasa tufanye nini, mama?" mama yangu alimuuliza Nkambo.

"Maji ikifunga, inafunguliwa na mama wa mapasa. Mapasa ni batoto ba mvua. Na mama wa mapasa wa kambi hii, mulimufukuza."

Mapasa ndilo jina letu la pacha. Nkambo hakungoja jibu. Alijifunga kitenge, akanishika mkono, tukaenda kituoni jua likiwa utosini.

Mama Mbuyi tulimkuta amekaa juu ya godoro, ananyonyesha watoto wote wawili kwa pamoja.

"Mama mapasa," Nkambo alisema, "nakuya kukutafuta. Maji imefunga."

Mama Mbuyi alimtazama sana. "Batu walivunja mulango yangu. Leo beko na kiu, njo banakumbuka jina yangu?"

"Njo vile. Batu ni vile. Kuya, mwanangu."

Mumewe, Tata Kabongo, fundi wa karakana, aliruka akasimama. "Mama, mu njia muko bale vijana. Watamuua."

"Mama wa mapasa akiimba," Nkambo alimjibu, "nani atamugusa?"

Hapo inabidi nieleze. Nyimbo za mapasa ni za matusi, tena matusi mazito, ya mwilini. Kwa desturi yetu mama wa pacha, na yeyote aliyembeba pacha mgongoni, anaweza kumwimbia yeyote, hata chifu, hata mkwe wake, na atakayekasirika anajiitia mkosi. Nkambo na Mama Mbuyi walitoka pande mbili za mbali, lakini nyimbo zao zilikuwa zile zile.

Basi Mbuyi akafungwa mgongoni kwa mama yake, Kabanga mgongoni kwa Nkambo, tukatoka. Njiani vijana walikuwa wamekaa kwenye gogo walilolilaza kuwa kizuizi, mapanga mapajani. Nkambo hakupunguza mwendo. Aliinua sauti akamwimbia mkubwa wao juu ya suruali yake, na jinsi ilivyokuwa kubwa bure kwa kitu kidogo kilichomo. Mama Mbuyi akaitikia kwa ubeti mbaya zaidi. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha kijana mmoja akaziba mdomo kwa kiganja. Mwingine akapasuka kwa kicheko. Yule mkubwa alitazama vidole vyake vya miguu, akainuka, akalivuta gogo pembeni.

"Mupite, mama," alinong'ona. "Mupite tu."

Bondeni wanawake walisikia wimbo kabla hawajatuona, wakaudaka. Mama Mbuyi akapiga jembe la kwanza, kisha wote wakaingia: tope, majivu na povu vikapita mkono kwa mkono katika mabeseni. Mnamo jioni uzi mwembamba wa maji ulitokeza kati ya mawe, baridi kama chuma cha asubuhi. Vigelegele! Tulicheza kwenye tope mpaka hatukujuana nani mtoto wa nani. Wanaume walikwenda kumchukua Tata Kabongo na godoro lake, na familia ile ikahamia katika ua wa Nkambo, ikabaki. Mvua zilipoanza tulipanda miti upya kuzunguka jicho, na mwenye sufuria ya masizi alizomewa na watoto.

Leo najua kwamba chemchemi iliziba kwa uchafu wetu na kwa kukosa kivuli, na kwamba jembe la mkono wowote lingeifungua. Najua pia kuwa treni iliondoka, na wenzangu wengi wa darasani wakiwa ndani yake. Hakuna wimbo uliowarudisha hao.

Kama Nkambo aliamini kila alichosema, sikuwahi kumuuliza. Nakumbuka tu kwamba mbele ya yale mapanga mkono wake ulionishika ulikuwa baridi na ulitetemeka, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.