Kalamu ya Mzee Bluu

Karani wa ofisi yetu ya mitihani tulimwita Mzee Bluu, kwa sababu karatasi ya alama isiyo na sahihi ya wino wa bluu haikupita mezani pake, hata ikiletwa na mkuu wa chuo. Sheria aliianzisha mwenyewe, akaibandika mlangoni, na baada ya miaka ishirini na sita chuo kizima kikawa kinaifuata. Kalamu yake hakumwazima mtu.

"Maprofesa wana shahada tatu tatu," alikuwa akisema, "lakini kalamu ya watu hawarudishi."

Tulicheka sana. Siku hizi sicheki.

Ijumaa moja mwalimu wa takwimu alileta alama za mwaka wa mwisho. Mfukoni alikuwa na kalamu nyekundu tu.

"Niazime yako, mzee wangu. Nina haraka."

"Msomi mzima huna kalamu? Duka liko getini, mwalimu."

"Haya bwana, Jumatatu basi." Akaiacha karatasi mezani, akaondoka akicheka. Jumapili alianguka bafuni kwake, akafariki.

Miongoni mwa majina thelathini na moja lilikuwemo la mpwa wa Mzee Bluu, binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu hajaota meno. Benki ilishampa kazi, ila ilitaka cheti kabla ya mwezi kwisha.

Mzee aliingia kwenye kikao cha kupitisha alama na karatasi ile mkononi. Aliomba, akaapa kwamba alama aliziweka marehemu mwenyewe, mwishowe akalia mbele ya watu aliowapita umri. Mkuu wa idara alimwonea huruma, lakini alisema, "Mzee, bila sahihi hizi si alama. Umetufundisha wewe." Darasa zima likaamriwa kurudia somo mwakani. Mkuki kwa nguruwe! Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia.

Mchana binti alikuja ofisini. Hakupiga kelele.

"Mjomba, nilipata ngapi?"

"Themanini na mbili."

"Na mwalimu alikosa kalamu tu?"

"Alikosa."

Akautazama mfuko wa shati la mjomba wake. Mzee aliichomoa kalamu, akamnyooshea. Binti aliipokea, akaitazama kidogo, kisha akamrudishia mfukoni taratibu.

"Kaa nayo, mjomba," akasema. "Mimi narudisha."