Ubao wa Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, anaishi Kanada. Alipokuja likizo hapa Songea hakutuletea hata kanga, alituletea habari za mto. Eti nyuma ya nyumba yao kuna mto, unaanzia kwenye ziwa, unamwaga maji kwenye mto mkubwa, na darajani kuna kibao chenye jina lake: jina la Mzungu aliyekuwa na kiwanda cha mbao. Nikaangalia picha kwenye simu. Loo! Mto wenyewe mbuzi anauvuka asilowe magoti.

"Na waliokuwepo kabla ya huyo Mzungu waliuitaje?" nikamuuliza.

"Sijui, shemeji."

Miaka yote hiyo anaishi kando ya maji ya watu, hajauliza! Halafu anatucheka sisi wa mtaa huu wa Mfaranyaki kwamba kijito chetu hakina jina. Kina majina, tena matatu, kwa sababu kila mtu hukiita kwa pale anapochota. Juu ni Kwa Katekista, chini ni Kwa Fundi Matofali, na katikati ni Kwa Mama Togwa. Mama Togwa ni mama yangu mzazi. Ndiye aliyefyeka matete pale, akapanga mawe ya kufulia, akachota maji ya kupikia togwa yake ya kuuza mpaka alipofariki. Hakuacha picha hata moja. Ameacha hapo tu.

"Mto mmoja, jina moja," akasema shemeji. Akaenda kwa seremala wa Majengo, akachongesha ubao wa mninga, mpana kama mlango, ukaandikwa jina la ukoo wake kwa rangi nyeupe. Mwenyekiti wa mtaa, alipopewa soda, akapiga makofi. Ukasimikwa pale pale kwenye mawe ya mama. Niliumia, sifichi. Watoto wangekua wakisoma lile jina, na mama angefutika. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilipona nini?

Shemeji akarudi kwake. Mvua za kwanza zikanyesha, ukingo ukawa tope tupu, na mwenye nguo za kufua hana habari na maandishi. Wanawake tukaung'oa ule ubao, tukaulaza juu ya tope, jina likaangalia chini. Ndipo tunaposimama kufua. Mimi mwenyewe nimefulia mablanketi hapo.

Juzi akapiga simu. "Shemeji, ubao wangu bado upo?"

"Upo, tena unatusaidia sana."

"Upo wapi?"

"Si pale pale," nikamjibu, "Kwa Mama Togwa."